Barua kwa Neema, kuhusu mashamba yetu matatu

Neema mwanangu,

Hombolo hatujambo. Kupogolea tumemaliza juzi, mama yako anakusalimu, goti langu ni lile lile.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka kila shamba letu liwe na mvinyo wake na jina lake, maana yule mnunuzi atalipa zaidi kwa zabibu za kilimani. Kabla sijakujibu, nikusimulie habari za ukoo wa Mascarello, watengeneza mvinyo wa kijiji cha Barolo, mkoa wa Piemonte, kule Italia. Mvinyo wao nao huitwa Barolo.

Giulio Mascarello alianzisha kazi hiyo ya mvinyo mwaka 1918. Mali yao hata leo ni hekta kama tano tu, tena zimetawanyika: Cannubi, San Lorenzo na Rué pale Barolo, na Rocche upande wa La Morra, kijiji jirani. Zabibu ya mvinyo wa Barolo ni aina moja, nebbiolo, nayo huchelewa kuiva mpaka ukungu wa Oktoba unatanda mabondeni. Giulio alichanganya za mashamba yote, kama walivyofanya wazee wake. Mvua ya mawe ikipiga huku, kule kunaokoa.

Wakati wa mwanawe Bartolo, majirani wakageuka. Kila shamba likapewa lebo yake na bei yake. Mapipa makubwa ya kale yakatolewa, yakaletwa yale madogo mapya ya lita 225, barrique, ili mvinyo unukie vanila na unyweke mapema. Bartolo akagoma. Mkaidi kama bibi yako! Uzeeni, maradhi yalipomweka kwenye kiti cha magurudumu, akawa anachora lebo kwa mkono wake. Moja aliiandika "No Barrique No Berlusconi": pipa dogo halitaki, na Berlusconi, yule mwanasiasa wa Italia, hamtaki. Nilicheka peke yangu mpaka mama yako akaja kuniangalia.

Alifariki mwaka 2005. Binti yake wa pekee, Maria Teresa, alikuwa ameshaingia kazini tangu miaka ya 1990, naye ameendelea vile vile: mashamba yote, Barolo moja. Miongoni mwa walioyakimbilia mapipa madogo, wapo waliorudi kwenye makubwa.

Sisi si Barolo, najua. Wao huvuna mara moja kwa mwaka, sisi mara mbili. Lakini nawaza shamba la bondeni. La kilimani likishapata jina, za bondeni zitaishia kukamuliwa na kuuzwa mchuzi, ile juisi ghafi, kwa bei ya kutupa, na bondeni ndiko ilikotoka ada yako, hata ule mwaka mnunuzi alipotuachia zabibu zikaoza mtini.

Basi tufanye hivi. Agosti tukivuna, tenga madumu mawili: moja la kilimani tupu, moja mchanganyo. Mwonjeshe mnunuzi wako bila kumwambia lipi ni lipi. Akichagua la kilimani, sitabisha tena.

Ukija, niletee kipimo cha sukari ya zabibu. Chetu kimevunjika.

Baba yako