Barua kwa Mhariri: Ile filamu ya baruti ilikuwa inamshawishi nani?

Mhariri salaam. Mwandishi wenu aliyeisifia ile filamu fupi ya uvuvi wa baruti iliyoonyeshwa hapa Tanga kaandika kwamba kila mtu aliguswa, mi naona angesema tu waliguswa watu wa viti vya mbele. Nilikuwepo, nilisimama nyuma na vijana wa Sahare wanaovua, na wakati huko mbele watu wanafuta machozi hawa wa nyuma walikuwa wanacheka. Sio kwamba wana roho mbaya, na mimi baruti siitetei hata kidogo, imepigwa marufuku nchini toka 1970 na watu wakaendelea kuipiga tu miaka na miaka. Lakini filamu ya kushawishi ikichekwa na yule yule iliyotakiwa kumshawishi basi jamani hiyo ichambuliwe kwanza ndo ipigiwe makofi.

Mimi kazi yangu ni kushuti na kuediti video za harusi hapa Ngamiani kwa hiyo haya mambo nayafanya kila wikiendi. Mama wa bibi harusi akilia asubuhi kwa sababu wapambaji wamechelewa, kile kilio nakichukua nakibandika pale shehe anapofungisha ndoa, naweka kinanda taratibu, ukoo mzima unatoa leso. Warusi walishalijua hili miaka mia iliyopita, kuna mtengeneza filamu anaitwa Lev Kuleshov alichukua uso mmoja wa mwigizaji akauweka na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke, watazamaji wakasifia eti jamaa anajua kuigiza njaa na huzuni na mapenzi, kumbe picha ya uso ni ile ile.

Sasa kwenye hii filamu kuna mlipuko, maji yanaruka juu, ghafla inakuja picha ya silikanti, yule samaki adimu wa kale, amekufa, muziki wa huzuni unapanda. Hakuna aliyetamka neno la uongo hapo, msimulizi kanyamaza kabisa, ila unatoka pale ukijua baruti ndo inamuua silikanti. Na hapo ndo vijana walipoanza kucheka, kwa sababu silikanti anakaa kina kirefu, mita mia hivi na zaidi, na wale waliotolewa kwenye bahari yetu kuanzia miaka ya 2003 na 2004 walinaswa zaidi kwenye majarife, zile nyavu za papa, yaliyotegwa chini sana. Baruti inapigwa huku kwenye maji mafupi kwenye matumbawe. Mvuvi akishakukamata kwenye hilo moja, mengine yote hata yakiwa ya kweli anayasikiliza kwa sikio la nje.

Alafu angalia nani kapewa heshima ya kuongea. Mtaalamu kakaa mbele ya kabati la vitabu, jina na cheo vinatokea chini, kisha skrini inakuwa nyeusi inatokea namba ya asilimia kwa maandishi makubwa meupe, imepimwa wapi, mwaka gani, na nani, hakuna. Mvuvi yeye kashutiwa toka juu amechuchumaa anatengeneza nyavu, hana jina, na sauti yake imefunikwa na msimulizi wa Kiingereza, maandishi ya Kiswahili yanapita chini madogo na mbio. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, alishasema zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba msemaji anamvuta mtu kwa kuaminika kwake, kwa kumgusa hisia na kwa hoja yenyewe. Hisia humu zimejazwa ndoo, hoja kijiko, na kuhusu kuaminika, pwani hii anayeaminika kwenye mambo ya bahari ni nahodha mzee, wamemwacha wapi?

Na kinachoniuma ni kwamba hoja ipo na ni nzito! Mlipuko unapasua kibofu cha hewa cha samaki, wengi wanazama hawaokotwi hata na huyo aliyelipua, vichanga vinakufa na wakubwa, matumbawe yanabaki vifusi vinavyoviringika na mawimbi, mapya hayapati pa kushika. Samaki wa baruti ukimshika analegea, ukimpasua unakuta damu imevilia ndani na uti wa mgongo umekatika, na anaharibika haraka. Wakaanga samaki wa pale soko la Deep Sea wanamjua kwa kumbonyeza tu. Yaani dakika moja ya mama mmoja anapasua vibua wawili mezani, mmoja wa mshipi mmoja wa baruti, bila muziki wowote, ingefanya kazi kuliko zile droni zote. Na kuna mnunuzi pia, na kuna anayeitoa hiyo baruti migodini au kwenye machimbo ya mawe mpaka ifike ufukweni, hao hawamo hata kwa kivuli.

Mwishoni yanakuja maandishi ya Kiingereza yanaomba mchango. Hapo ndo nikaelewa inaongea na nani. Sio dhambi kutafuta wafadhili, ila msituletee filamu ya wafadhili mkasema ni elimu kwa wavuvi. Kony 2012, ile video ya kampeni ya kutaka Joseph Kony kiongozi wa waasi wa Uganda akamatwe, ilitengenezwa kwa vijana wa Marekani, ndani ya wiki moja ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100, ilipoonyeshwa Lira kaskazini mwa Uganda kwa watu waliopitia vita wenyewe wakakasirika mpaka mawe yakarushwa, na huyo Kony alishaondoka Uganda miaka kadhaa nyuma. Hapa kwetu tumeishia kucheka tu, tushukuru.

Nasikia itapelekwa pia Kigombe na Tongoni. Kabla haijaenda naomba muwaulize walioitengeneza kwenye gazeti lenu ile asilimia imetoka wapi. Kile kipande cha silikanti nipo tayari kukitoa mwenyewe bure, waje tu na faili.

Mpiga video, Ngamiani, Tanga