Shoga yangu, niendee kwa Bakari

Lindi, Januari

Shoga yangu Mama Swaumu,

Assalaam alaykum. Hatujambo huku, alhamdulillah, ila joto linatukaanga na mvua inatuchungulia tu. Mama mguu bado haukanyagi, ndiyo maana sitoki Lindi hata kwa siku moja. Barua hii nampa Hemedi kwa sababu simuni siwezi kusema. Mama yuko kando yangu saa zote, na jambo lenyewe sitaki alisikie nusunusu.

Ni mdogo wangu Bakari. Nakuomba sana uniendee kwake.

Alikuja likizo mwezi wa kumi na mbili. Bakari unamjua, akiingia nyumba nzima inacheka. Safari hii akakaa barazani akamenya maembe mabichi, akakata vipande, akatia chumvi na pilipili, akawagawia watoto wote. Chake hakugusa. Nikasema labda tumbo. Baadaye natafuta kalamu niandike madeni ya genge, nikafungua daftari lake la chuo. Juu kaandika tarehe na jina la somo, kapiga mstari kwa rula, chini patupu. Nageuza, hivyo hivyo. Kurasa na kurasa, Mama Swaumu. Kakaa darasani, kalamu mkononi, neno la kwanza halikuandikika. Nilipomuuliza akanijibu, "Dada, nalala tu. Nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala." Hakuongeza.

Sasa karudi chuoni huko kwenu Mtwara, na Zuhura wa huko ananiambia vipindini haingii, wenzake wakimgongea chumbani anajifanya hayupo.

Hapa kila mtu ana lake. Baba mdogo anasema ni kubeti, kaliwa hela za bumu, ule mkopo wa wanafunzi, aibu ndiyo imemlaza. Wazee wa Newala wanataka apelekwe kwa fundi, yaani mganga, kwamba korosho zilizomlipia ada zimeonewa kijicho. Sikubishana nao. Nikamfuata yule nesi jirani ya kina Mama Zainabu, nikamweleza kila kitu bila kutaja jina. Akaniambia huzuni au kukosa hamu ya kila kitu, usingizi kuvurugika, chakula kutopita, akili kukataa kutulia kwenye kitabu, yakikaa pamoja zaidi ya wiki 2, hapo mtu apelekwe kwa daktari, asiitwe mvivu. Unaitwa sonona, ni ugonjwa, na una tiba. Kuna ya mazungumzo na kuna ya vidonge, na vidonge vyenyewe huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu, kwa hiyo asije akaviacha siku ya tano akasema havifanyi kazi.

Chuoni kwao zahanati ipo na mshauri wa wanafunzi yupo. Bakari zahanati alishakwenda, kichwa kinamuuma. Wakampima malaria, hana, wakampa panadol, akarudi kulala. Hakuna aliyemuuliza unalalaje, unakula nini, nyumbani kukoje. Hilo linanichoma, maana kijana alijikokota mwenyewe hadi dirishani kwao. Ile shilingi 50,400 ya bima ya afya ya NHIF tulilipa pamoja na ada, kadi anayo mfukoni. Na kwa mshauri, Zuhura anasema mlango unatazamana na benchi wanalosubiria watu wa mikopo. Kila anayeingia anaonekana na watu wote. Kijana wa kiume atapita vipi hapo peke yake? Huduma ikiwekwa mahali pa kuaibishana, wanaoihitaji zaidi ndio watakaoikwepa.

Ndiyo nakutaka wewe. Ukienda naye mtu mzima, watadhani mambo ya ada. Nendeni asubuhi mapema kabla benchi halijajaa. Mshauri akiwa hayupo au akiwa na haraka, msirudi chumbani, pitilizeni hospitali ya Ligula mwulizie huduma ya afya ya akili. Mwambie kabisa kwamba hakuna anayempeleka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Watu wetu wakisikia "akili" mawazo yanakimbilia Dodoma moja kwa moja.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo limenikosesha usingizi. Nesi alisema mwulizeni waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kufa. Nilishtuka, nikadhani kumwuliza ni kumfundisha. Akasema hapana, swali halipandi wazo, linamfungulia mtu mlango wa kusema. Baba mdogo aliposikia akakataza lisitajwe, eti kuna sheria. Sheria ipo, Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, lakini kumweleza mtu kwamba unaumia si jaribio. Mwulize, Mama Swaumu. Kwangu mimi atanificha asinitie hofu. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo, nendeni hospitali saa hiyohiyo, kisha unipigie hata kama mama yuko kando. Mama tutamweleza.

Halafu mitihani. Yeye anafikiri njia ni mbili tu, ajikaze au atoroke. Ya tatu ipo, mgonjwa mwenye karatasi ya daktari anaweza kuomba chuo kimruhusu aahirishe. Akipotea kimyakimya ndipo anapodisko, yaani anaondolewa chuo, na hapo kumrudisha ni kazi kubwa. Kwa hiyo karatasi yoyote watakayokupa msiitupe, na barua ya kuomba iandikwe kabla ya mtihani wa kwanza. Zuhura anazijua ofisi zao, atakusaidia. Ada ya mwaka mmoja tutaipata, korosho zitazaa tena. Mwambie nimesema hivyo, na umwambie hakuna anayemdai kitu.

Usimwendee na maneno mengi. Mpelekee chakula, ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga alikuwa haachi. Kaa naye ale, hata asiposema neno siku hiyo. Shemeji asije kwanza, nampenda ila sauti yake inafika Mikindani.

Je, utaweza Jumatatu, au ndiyo zamu yako sokoni? Chumba chake unakikumbuka, kule Chuno nyuma ya mashine ya kusaga, au Zuhura akupeleke? Mwanaidi kajifungua? Mtoto gani? Ile cherehani ulipata mtu wa kuitengeneza? Na wewe presha yako vipi, dawa unakunywa au umeacha tena?

Nauli na hela ya kadi za hospitali nimeviweka ndani ya bahasha ya pili, Hemedi anayo. Anageuza Alhamisi alfajiri, mpe jibu hata la mistari miwili.

Shoga yako,
Mama Nasra