Barua kwa kampuni iliyoniuzia simu: redio inasema nichomeke hedifoni, nichomeke wapi?

Kwa wahusika wote wa kampuni, hasa nyie mnaochora simu na nyie wa matangazo,

Salaam. Jina la kampuni silitaji humu, wenyewe mnajijua, na picha ya risiti nilishawatumia kwenye meseji. Naandika kuhusu simu yenu mpya ya bei ya kati, ile mliyoizindua kwa mbwembwe na mziki mkubwa, ile ambayo kabla haijatoka tulishaijua nje ndani kwa picha zilizovuja.

Simu haina tundu la hedifoni. Ila ina redio.

Someni tena hapo taratibu. Programu ya redio ipo, imekuja na simu yenyewe, sio mimi niliyeipakua, na hata ukitaka kuifuta haifutiki. Ukiigusa inafunguka vizuri kabisa, unaona namba za masafa zimejipanga, halafu katikati inakuandikia chomeka hedifoni zitumike kama antena. Sasa nichomeke wapi jamani? Nimeigeuza simu juu chini, chini kuna tundu la chaji na vitundu vya spika na kale kengine ka maiki, pembeni kuna vitufe na sehemu ya laini, juu kumelala tu plastiki. Nikajiambia labda wanataka zile hedifoni za Taipu C, zinazochomekwa kwenye tundu la chaji, nikanunua, nikachomeka, muziki unapiga safi, video zinapiga safi, redio bado inaomba hedifoni. Nilicheka kwanza, hasira zikaja baadaye.

Yule kijana wenu wa huduma kwa wateja alinijibu eti nitumie hedifoni za Bluetooth "kwa usikivu bora zaidi wa redio", ndo nikajua hata nyie wenyewe hamjaelezana. Mawimbi ya FM yana urefu wa kama mita 3 hivi, yanahitaji kipande cha waya kinachoeleweka ili yadakwe, na kwenye simu miaka yote hiyo kazi imefanywa na waya wa hedifoni. Sauti inashuka masikioni na mawimbi yanaingia kupitia waya huo huo, ndo maana hata ukitaka kusikiliza kwa spika bado ulikuwa lazima uache hedifoni zimechomekwa. Bluetooth haina waya, sasa itadaka nini? Najua zipo simu zilizowekewa antena ya ndani zikashika redio bila waya, zinakwaruza ukitoka mjini lakini zinashika. Yenu haina hiyo antena na haina tundu, ila programu mmeiacha. Mafundi wa Kariakoo wameniambia chipu nyingi za simu zinakuja na kipokezi cha FM ndani yake tayari, maana yake hapo ndani redio inawezekana ipo kabisa imelala, mmeifungia mlango tu.

Na msiniambie "nani anasikiliza redio siku hizi". Mimi ni fundi cherehani. Nashinda kwenye kibanda na mafundi wengine, vyerehani vinanguruma kutwa, kila mtu na chaguo lake, huyu taarabu, yule mahubiri, mwingine mpira. Bila waya masikioni hakuna amani pale. Redio hainili bando, haikwami ikifika dakika ya themanini na tano ya Simba na Yanga, na wateja wangu wananitumia vipimo kwa sauti WhatsApp, mtu anataja kiuno chake na nyonga zake, we unataka niziachie kwa spika kibanda kizima kisikie? Hizo za Bluetooth ninazo, nilipewa zawadi, zinakata chaji katikati ya kazi na kidude kimoja kikidondoka kwenye marundo ya vitambaa ndo basi tena. Waya unaning'inia shingoni, hauendi popote.

Sasa mtasema ungeangalia kabla ya kununua. Hapa ndo pananiuma zaidi, kwa sababu tuliangalia sana tu, tena kuliko mlivyotegemea. Miezi kabla ya uzinduzi picha za simu yenu zilikuwa zimezagaa kila mahali, zile picha za kompyuta zinazoonyesha simu inazunguka pande zote, na upande wa chini tundu la hedifoni linaonekana wazi kabisa kushoto kwa sehemu ya chaji. Watu walizijadili wiki na wiki, wengine wakasema rangi ya kijani mbaya, wengine kamera zimekaa kama jiko la gesi, lakini karibu wote tukasema afadhali tundu lipo. Nyie mkawa kimya. Kurasa zenu zikawa zinaweka vikopa na macho, mnasema "mnaona mbali", "subirini", mnapuliza moto. Oda za mapema mkafungua kabla hamjatoa orodha kamili ya sifa za simu, tukalipa kianzio.

Na hizo picha hazikutoka hewani. Wanaofuatilia mambo ya simu wanajua watengeneza makava huwa wanapata michoro ya vipimo mapema, ili simu ikitoka na makava yawe tayari sokoni, na tetesi nyingi zinavujia hapo hapo. Ushahidi ninao mkononi. Nilinunua kava mtaa wa Aggrey, limeandikwa jina la simu yenu kamili, limekaa bila hata kucheza, kila kitufe kipo mahali pake, na chini kushoto lina tundu la duara la hedifoni. Ukichungulia kwenye hilo tundu unaona plastiki ya simu. Muuzaji akaniambia makava yote ya mzigo wa kwanza yako hivyo. Kwa hiyo kuna mchoro uliotembea ukiwa na tundu, halafu likaondolewa mwishoni, na siku ile ile ya uzinduzi mkaleta hedifoni zenu mpya za Bluetooth zinazouzwa pembeni. Mimi sio mpelelezi lakini hesabu hiyo hata mtoto anaijumlisha.

Msifikiri sijui mlipoiga. Apple waliliondoa tundu kwenye iPhone 7, Septemba 2016, na bosi wao wa masoko Phil Schiller akasimama jukwaani akasema sababu ni ujasiri, na hafla hiyo hiyo wakatambulisha AirPods, hedifoni zao zisizo na waya, za dola 159. Watu waliwacheka, lakini angalau tetesi zao zilikuwa za kweli! Habari kwamba tundu linaondoka zilianza kuvuma tangu mwishoni mwa 2015, mwanzoni mwa 2016 watu zaidi ya laki 2 wakawa wameshasaini kupinga, kwa hiyo aliyenunua alinunua akijua, na ndani ya boksi aliwekewa adapta, kale kawaya ka kuchomekea hedifoni za kawaida kwenye tundu la chaji. Kwenu tetesi ilisema lipo, tukakuta halipo, na kwenye boksi hamna adapta. Samsung nao mwaka 2017 walitoa tangazo la kumcheka mtu wa iPhone na adapta yake, Agosti 2019 wakalitoa tundu kwenye Note 10. Hao wanauza simu za milioni kadhaa kwa watu wenye uwezo wa kununua na hedifoni juu yake. Nyie mnaiuzia bei ya kati, kwa watu wa vibanda na bodaboda na walinzi wa usiku, na matangazo yenu yanasema "imebuniwa kwa ajili yako". Kwa ajili ya nani hasa?

Barua pepe yenu ya majibu ilitoa sababu mbili, nazijibu kwa sababu naona mmezinakili tu mahali. Mmesema wembamba. Vivo X5 Max ya 2014 ilikuwa na unene wa milimita 4.75 na tundu la hedifoni ilikuwa nalo, yenu kwa karatasi yenu wenyewe imezidi milimita 8 na kamera bado imetokeza nje. Mmesema maji. Galaxy S7 ya 2016 ilikuwa na tundu na iliruhusiwa kuzama mita 1.5 kwa nusu saa, yenu mmeandika inahimili matone tu, sasa hayo matone yangeingia kupitia tundu gani ambalo la chaji halina? Sijui mnatuonaje.

Na kurudi nyuma inawezekana. Sony waliuza Xperia 1 bila tundu mwaka 2019, mwaka uliofuata Xperia 1 II ikaja nalo tena. Google nao mwaka 2016 walijisifu kwamba Pixel yao ina tundu, 2017 wakalitoa kwenye Pixel 2, halafu kwenye simu zao za bei nafuu kama Pixel 4a ya 2020 tundu likawepo. Yaani waliona kabisa mteja wa bei nafuu analihitaji. Nyie mmefanya kinyume, ya bei kubwa mmeiacha nalo na ya kwetu mmelitoa, hilo hadi leo sijalielewa.

Mmenishauri pia ninunue adapta. Nimenunua ya bei ya kawaida, pini ya Taipu C upande mmoja na tundu upande mwingine, haitoi sauti kabisa. Fundi wangu akanifafanulia kwamba adapta zipo za aina mbili, kuna ambazo ni waya mtupu, zinategemea simu yenyewe ipitishe sauti kwenye tundu la chaji, na kuna zenye kachipu ndani kanakobadilisha sauti zenyewe, na simu yenu inakubali hizo za kachipu peke yake. Hamjaandika popote. Sio kwenye boksi, sio kwenye kile kijikaratasi cha maelezo, wala kwenye tovuti. Kwa hiyo mtu anaenda sokoni ananunua, anarudisha, anagombana na muuzaji asiye na kosa, muuzaji naye anasema simu yako feki. Feki! Na mimi tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki Juni 2016 nimekuwa nikijibana ninunue orijino, dukani kwa wakala, na risiti. Hata hiyo adapta ya kachipu ukiipata redio bado haishiki, na ukiichomeka huwezi kuchaji kwa wakati mmoja, kwa hiyo uchague kusikiliza au kuishi.

Ninachotaka ni hiki. Wote tuliolipa kianzio kabla ya sifa za simu kutolewa mtupe adapta inayofanya kazi, ya kachipu, bure, tuichukue kwa wakala kwa kuonyesha risiti, na asiyeitaka arudishiwe hela yake bila kuambiwa waranti haihusiki. Hii sio waranti, simu haijaharibika, mmeiuza haina kitu tulichoachwa tuamini kipo. Boksi liandikwe kwa nje, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, kwamba haina tundu na inataka adapta ya aina gani. Programu ya redio muiondoe kwenye apdeti inayofuata, au mtafute jinsi ya kuifanya ishike kwa waya wa Taipu C kama chipu inaruhusu, mkae na wahandisi wenu mtuambie inawezekana au haiwezekani, ila isiendelee kukaa pale inaniambia nichomeke.

Na tetesi. Sisemi mjibu kila umbea, najua biashara ni siri. Lakini mkishafungua mfuko wa kupokea hela za watu, siri ya tundu imekwisha, toeni orodha kamili. Google picha za Pixel 4 zilipovuja Juni 2019 waliweka picha yao wenyewe hadharani, watu wakajua wanachosubiri, na simu haikufa kwa hilo.

La mwisho nawawahi kabla hamjafika. Naona boksi lenu limeanza kuwa jembamba mwaka hadi mwaka. Apple waliacha kuweka chaja kwenye iPhone 12, Oktoba 2020, kwa jina la mazingira, na mwaka 2022 serikali ya Brazil ikapiga marufuku kuuza iPhone bila chaja na faini ya zaidi ya reali milioni 12 juu. Sisi tuna Tume ya Ushindani, FCC, na barua hii nakala yake ndo inapoenda kama hamtajibu, na safari hii msinitumie majibu ya kunakili, anijibu mtu aliyewahi kuishika hiyo simu.

Kava ninalo bado. Mkitaka nilipige picha niwatumie, na muda wa kuja kwa wakala ninao Jumamosi baada ya saa nane mchana, kabla ya hapo nina nguo za watu.

Mteja wenu,
Fundi cherehani, Mbagala