Umeshalipiwa: salamu za Krismasi kutoka Moshi

Ndugu, jamaa na marafiki, mlioko njiani na mliobanwa na kazi, Krismasi njema.

Naandika nikiwa Moshi mjini, jioni, dirisha wazi. Juzi mvua ya vuli ilimwagika usiku kucha, na leo mlima Kilimanjaro umejitokeza wote, vilele vya Kibo na Mawenzi, kama umefuliwa ukaanikwa. Huku chini barabara ya Dar haipumui. Mabasi yanaingia stendi hadi usiku wa manane, yamejaza mabegi, magodoro na watoto waliolala midomo wazi. Mnatujua tulivyo: ikifika Desemba, Mchaga hata kama anadaiwa kodi ya nyumba atapanda kwao mlimani. Wenzetu wanatucheka kwamba tukiondoka Dar inabaki na hewa tu, na kwamba ukitaka chumvi usiku hupati kwa kuwa duka la Mangi, ndivyo wanavyomwita Mchaga mwenye duka, limefungwa. Wacheke. Hata treni ya abiria, tangu iliporudishwa Desemba 2019 baada ya reli kuota majani zaidi ya miaka 20, msimu huu nayo inatafutwa kama lulu.

Mwaka huu salamu zangu zina kisa cha nauli ndani yake. Walionisikia nikikisimulia mezani waniwie radhi, nitajitahidi nisiongeze chumvi.

Ilikuwa mkesha wa Krismasi, miaka kadhaa sasa. Nilikuwa nimezunguka Mbuyuni tangu asubuhi: mchele, mafuta ya kula, kitenge cha mama, na keki ambayo niliibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa siku saba. Soko siku ile hukutembea, ulibebwa. Nikafika stendi, nikakuta Hiace ya Marangu watu wanaingilia dirishani. Nikapata kasehemu siti ya nyuma kabisa, ile ya watu wanne, tukiwa sita na kuku wawili chini ya miguu, wamefungwa pamoja kwa kamba ya mgomba.

Kabla hatujafika Himo konda akaanza kukusanya. Mnawajua: noti zimekunjwa kwa urefu, zimebanwa katikati ya vidole kama karata, sarafu zinachezeshwa kiganjani ili usijifanye umelala. Nikafungua begi. Pochi haipo. Nikapekua tena, nikaona mwanga unapita upande wa chini. Mkato wa wembe, umenyooka, wala haukuchana uzi wa pembeni. Kibaka yule alikuwa fundi.

Aibu yake sijui niieleze vipi. Nauli yenyewe haikufika elfu mbili. Lakini mimi mtu mzima, nina kazi, nina keki mapajani, nimwambie konda mbele ya gari zima kwamba mama atanilipia Marangu Mtoni? Nikawa napanga maneno. Konda akapita kwa wa mbele yangu, akageuka kwa wa kando, akarudi. Nikafungua mdomo. Yeye hata hakuniangalia.

"Wewe umeshalipiwa."

"Na nani?"

"Dada, umeshalipiwa. Niache nipige hesabu."

Nikageuka huku na huku. Palikuwa na mzee wa kofia ya sufu, wasichana wawili waliosuka siku hiyohiyo maana vichwa vilikuwa bado vinang'aa, kijana mwenye visikilizio masikioni, mama aliyekuwa ananyonyesha, na baba mmoja aliyelala, au aliyejifanya kalala. Wote walikuwa wanatazama nje kama hawajawahi kuona mgomba. Hakuna aliyenikonyeza, hakuna aliyekohoa. Tulipofika nikawa nashukuru kwa Kichaga kila anayeshuka, "Aika mbe, aika mae," kama aliyepagawa. Yule mzee akaniuliza, "Aika ya nini, mwanangu?" Mpaka leo sijui kama alikuwa anauliza kweli.

Deni lenye mwenyewe unalijua: mtu kakukopesha elfu kumi, unamtumia kwenye simu, mnasalimiana, yameisha. Hili langu halikuwa na mwenyewe. Siku mbili tatu nikajisemea ni bahati tu, nikajaribu kulisahau. Halikusahaulika. Januari nikaanza kulilipa kwa watu wasiohusika.

Na nililipa vibaya, nikiri. Wa kwanza alikuwa baba mmoja aliyekuwa anajipapasa mifuko, ya koti, ya suruali, anarudi ya koti. Nikamwambia konda kwa sauti, tena nadhani nilitabasamu, "Huyo mzee nitamlipia mimi." Gari likanyamaza. Baba akanigeukia: "Nani kakwambia sina nauli?" Alikuwa anatafuta miwani. Nilitamani nishukie pale pale kwenye mashamba ya miwa.

Ndipo nikaelewa kwamba yule wa mkesha wa Krismasi alikuwa na ustadi ambao mimi sina. Alijua kuona bila kukodoa, na alijua kutoa bila kusema. Kumpa mtu nauli ni rahisi. Kumpa nauli na kumwachia uso wake ndiyo kazi. Kwa hiyo nikajifunza. Unamsubiri konda akufikie, unampa noti iliyokunjwa, unaonyesha kwa kidevu, basi. Wanafunzi wa bweni wenye ndoo na fyekeo, bibi anayehesabu sarafu mara ya tatu. Halafu unatazama nje, unaangalia migomba.

Siku moja nikiwa gari la Kibosho nikamwona mama aliyekaa siti ya mbele yangu anafanya hivyohivyo, noti imekunjwa, kidevu kwa kijana wa dirishani, macho nje. Nilimkumbuka, wiki chache nyuma tulikaa siti moja nikiwa namlipia mtu. Nikaanza kujivuna kwamba nimeambukiza. Kisha nikajiuliza: kama alikuwa anafanya tangu zamani, kabla yangu? Kama ndiye aliyekuwa ananyonyesha siku ile ya keki? Sikumuuliza. Nilishuka kituo changu.

Mpwa wangu aliyeko chuo, nilipomsimulia, akaniletea utafiti. Watafiti wawili wa Marekani, James Fowler na Nicholas Christakis, mwaka 2010 walichapisha walichokiona katika mchezo wa kuchangia fedha. Watu walikuwa wanakaa katika makundi madogo ya wageni, kila raundi kundi jipya, bila kukutana tena na yuleyule. Aliyekuwa amekaa na watu wakarimu alikwenda kwenye kundi lililofuata akatoa zaidi, na waliokaa naye huko nao wakaenda wakatoa zaidi kwa wengine. Athari ya mtu mmoja ilionekana hadi hatua ya tatu, kwa watu ambao hakuwahi hata kuwaona. Mpwa alisoma kwa msisitizo, mama akiwa anamenya ndizi za mtori. Alipomaliza mama akasema, "Mmekwenda mbali kote huko. Huo si mfongo tu?"

Kwa msiokulia mlimani: mfongo ni mfereji wa asili. Maji yanachepushwa kutoka kwenye kijito huko juu msituni, yanateremka kwa kukatiza kihamba hiki hadi kile, yaani mashamba ya migomba ya ukoo. Kila mtu ana zamu yake. Ikifika, unaziba kwa udongo na magome ya migomba, maji yanaingia shambani kwako. Ikiisha unazibua, yanaenda kwa wa chini. Wakati wa kuusafisha mnatoka wote na majembe, na asiyetoka anatozwa faini. Babu zetu waliendesha mambo hayo vizazi na vizazi, bila kusubiri maafisa. "Sasa," mama akasema, kisu mkononi, "wa chini akurudishie maji vipi? Yatapanda? Wewe wa chini yako mzibulie. Wa juu yako ndiye wa kumwomba Mungu asizibe."

Nisije nikaupamba mfongo kupita kiasi. Wa juu walikuwa wanaziba, tena usiku, na kuna koo zilinuniana miaka kwa ajili ya saa mbili za maji. Mingi siku hizi imekauka, bomba limekuja, na bomba halina zamu, lina bili. Lakini neno la mama limenikaa.

Sasa kidogo niwasute mnaokuja na magari makubwa, maana ni ndugu zangu na mtanisamehe. Mwaka jana kuna mtu alishusha kioo sokoni, akawa anagawa noti za elfu tano kwa akina mama wanaouza ndizi, na kijana pembeni anarekodi. Akina mama walipokea, mimi pia ningepokea. Ila nilimwona mmoja amejifunika kanga usoni huku mkono ameunyoosha. Sina zaidi la kusema hapo.

Afadhali mnada wetu wa usharikani. Baada ya ibada watu wanasimama nje na sadaka za mazao zinanadiwa: mkungu wa ndizi, jogoo, chupa ya maziwa. Krismasi iliyopita lilinadiwa yai. Moja, la kienyeji, mzee wa kanisa kalishika juu kwa vidole viwili kama kito. Likaanza mia tano, likafika elfu tatu. Aliyeshinda akapaza sauti, "Rudisha mnadani!" Likanadiwa tena, likanunuliwa elfu nne, "Rudisha!" Mara ya tatu aliyelinunua akasema apewe bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mti. Bibi akalipokea, akaligeuza, akauliza kuna mtoto hapa ambaye mama yake hana kuku. Akapewa kasichana ka miaka kama minne, kamevaa gauni la kung'aa linaloburuta. Kakapiga hatua tano, kakakanyaga pindo, yai pwaa. Kanisa zima lilicheka mpaka mchungaji akashika mbavu. Yai lile lilikuwa limeshaingiza hela ya kuku mzima mwenye vifaranga.

Nawakumbuka pia ambao hawapandi mwaka huu. Baadhi wamelazwa, baadhi wako zamu, na kuna nyumba ambazo mwaka jana alikuwepo mtu na sasa liko kaburi jipya kwenye migomba. Lakini wapo wengine tunaoambiwa "kazi imebana", na sote tunajua kazi haijabana, ni mfuko. Mtu anaona atafikaje mikono mitupu wakati mdogo wake amekuja na gari. Wewe ndugu yangu unayesoma hapa, na sitakutaja: mama amekutengea mguu wa mbuzi na hajauliza umebeba nini. Nauli ya kutoka stendi kwenda juu usiifikirie. Mwambie konda jina la nyumba yetu, halafu utazame nje.

Sisi tunapanda tarehe 23. Mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshaanza kuandaliwa, ulezi umeota vizuri, tarehe 25 itakuwa imekaa sawa, na kata ya kunywea itaanzia kwa baba mdogo kama kawaida maana yeye ndiye mwenye kujua kuisifia. Kisusio, supu ya damu, kipo, kiburu cha ndizi na maharage kipo, kwa wasiokula damu kuna mtori. Wajukuu waje na masweta, juu kuna baridi, msije mkasema hamkuambiwa.

Mama anawasalimu wote na ana ombi moja kwa wenye magari: mkifika njia panda ya Himo jioni ya mkesha, mtakuta watu wamesimama na mizigo, Hiace zimejaa. Msipite na siti tupu. Na pale nyuma wekeni gazeti, kuku wanachafua.

Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Aika mbe, aika mae.