Gari lioshwe mara ngapi? Tuanze na kitambaa cha asubuhi

Wiki iliyopita mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi hapa tunapoosha na kupiga polishi magari, Kigamboni, Dar es Salaam, alileta Harrier yake nyeusi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanishika mkono hadi kwenye boneti. "Mwanangu, gari hili linafutwa kila siku ya Mungu. Kijana wangu haachi hata Jumapili. Mbona linazeeka hivi?"

Niliwasha tochi ya simu nikaisogeza karibu na rangi. Kuzunguka ule mwanga ikajitokeza mikwaruzo myembamba isiyohesabika, imezunguka kama utando wa buibui. Mzee aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikahamia mlango wa dereva, yale yale. Paa peke yake ndilo lilikuwa na afadhali, kwa sababu kijana wake ni mfupi na mkono haufiki katikati.

Hapo nikawa nimempa jibu. Gari lilikuwa linazeeka kwa sababu linafutwa kila siku.

Wateja wengi wanatuuliza gari lioshwe mara ngapi kwa wiki, na tunajua wanasubiri namba. Namba tutazitoa. Lakini katika magari tunayoyapokea, yaliyoharibika rangi kwa kukosa kuoshwa ni machache kuliko yaliyoharibiwa na mkono wa kuosha. Mara nyingi ni ndoo moja na fulana kuukuu, saa 12 asubuhi kabla bosi hajatoka. Kijana anachovya, anakamua, anafuta boneti, anarudisha fulana kwenye ndoo ileile. Akifika mlango wa pili maji yameshakuwa ya kahawia, na kinachopita juu ya rangi sasa ni mchanga uliolowa.

Mchanga wetu wa pwani ni mgumu kuliko kioo, sembuse rangi. Na kile kinachong'aa kwenye gari si rangi yenyewe. Ni tabaka la juu lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia. Kwenye magari mengi yanayotoka kiwandani klia ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako, ambao unakaribia 70. Kila mkwaruzo unakula hapo. Na ukija kwetu tuiondoe mikwaruzo kwa mashine, nasi tunapunguza klia kidogo ili uso uwe sawa. Kwa hiyo ukisikia mtu anakushauri upige polishi ya mashine kila mwezi, mkatalie. Sisi wenyewe ni kazi tunayolipwa, lakini hatumfanyii mtu zaidi ya mara moja kwa mwaka, na gari likitunzwa vizuri linakaa miaka kadhaa bila kuihitaji.

Sasa namba. Gari linalotembea kwenye lami muda mwingi na kulala chini ya paa, lioshe kila baada ya wiki 2. Kama njia yako ya kila siku ni ya vumbi, kama ilivyo kwa wengi wetu wa Kibada na mitaa ya ndani ya Mjimwema, osha kila wiki. Katikati ya wiki vumbi likiwepo, liache. Vumbi lililotulia juu ya rangi halikwaruzi, linakwaruza linapoburutwa. Ukishindwa kabisa kuvumilia, mwagia maji tu bila kugusa, kisha endelea na safari.

Wanaokaa karibu na bahari, na wanaovuka na kivuko kila siku, wana jambo la ziada. Upepo wa bahari unabeba chumvi, nayo inakaa kwenye maungio ya milango, chini ya bodi na kwenye bolti za rimu. Haionekani, ila ukipitisha kidole kwenye kioo asubuhi unasikia kinanata. Hao tunawaambia wasuuze gari kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya siku 3 au 4, na wasisahau chini. Kutu ya pwani huanzia usikoangalia.

Hapa ndipo penye shida ya maji. Visima vingi vya huku vina chumvi. Ukitaka kujua cha kwako, nyunyiza maji yake kwenye kioo cha dirisha uyaache yakauke. Ukiona alama nyeupe za mviringo, alama hizohizo ndizo unazoziacha kwenye gari kila unapoliacha likauke lenyewe juani. Zikikaa muda mrefu hazitoki kwa kuosha. Oshea maji ya kisima ukipenda, lakini suuza la mwisho liwe la maji ya bomba, na kausha papo hapo. Wakati wa masika kinga maji ya bati kwenye pipa. Maji ya mvua hayana chumvi, na lita 20 zinatosha kabisa kusuuza gari dogo kama IST mara ya mwisho.

Kuosha kwenyewe si kugumu. Tafuta kivuli, ama asubuhi kabla ya saa 2 au jioni baada ya saa 11, boneti ikiwa imepoa. Chukua ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu. Mwagia gari zima kwanza ili mchanga udondoke wenyewe. Kisha osha kuanzia paa kushuka chini, na kila ukimaliza kipande, suuza sponji kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye povu. Ukimaliza angalia chini ya ile ndoo ya pili. Mchanga utakaouona pale ndio uliokuwa unazungushwa kwenye gari lako miaka yote hii. Rimu ziwe na sponji yake, isiguse bodi hata siku moja, kwa sababu zina unga wa chuma kutoka kwenye breki. Kaushia taulo la maikrofaiba, ulilaze na kulivuta taratibu bila kukandamiza.

Sabuni ya unga ya kufulia usitumie. Ni kali, imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na nta uliyopaka kulinda rangi inaondoka nayo siku hiyohiyo. Ya kuoshea vyombo haikwaruzi, lakini nayo inaondoa nta. Chupa moja ya shampuu ya gari, kwa kipimo cha vifuniko viwili kwa ndoo, inakuchukua miezi.

Kuna kitu kimoja hakisubiri ratiba yoyote, nacho ni kinyesi cha ndege. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na leo hakuna mwarobaini wala mwembe Dar es Salaam wasioulalia. Kinyesi chao kina asidi, na jua letu linaifanya rangi ipate moto na kulainika, ikipoa inabana ikiwa imeshachukua umbo la doa. Siku moja ya jua kali inatosha kuacha alama ya kudumu. Usikwangue kwa kucha wala kusugua kikiwa kikavu. Lowesha tishu, ilaze juu yake dakika 10, kisha inyanyue na uchafu wake. Tunamshauri kila mteja aweke chupa ndogo ya maji na kitambaa safi mlangoni mwa gari. Utomvu wa mwembe nao ni hivyohivyo, uondoe siku hiyohiyo.

Nta paka kila baada ya miezi 3. Kwa joto la huku ya asili haifiki hata hapo, zile za kutengenezwa zinavumilia zaidi. Utajua imeisha pale maji yanapoacha kujikusanya kama matone na kuanza kutandaa.

Jambo la dizeli linatuumiza kila tunapoliona. Mabanda mengi ya kuoshea magari yanapuliza dizeli au mafuta ya taa chini ya gari, na mteja anafurahi kwa sababu kila kitu kinatoka cheusi kinang'aa. Chini kule kuna bushi na mipira ya kila aina, na mafuta hayo yanaivimbisha na kuilegeza. Baada ya miezi gari linaanza kugonga kwenye mashimo, unaenda kwa fundi unabadilisha bushi, unarudi kupuliziwa tena. Chini ya gari kunahitaji maji ya presha na sabuni, basi. Wakati wa masika fanya hivyo kila wiki, maana matope yaliyoganda yanashikilia unyevu kwenye chuma.

Na ukiwa kule chini, pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa kila mlango. Utakuta vitundu vidogo. Hivyo ni vya kutolea maji ya mvua yanayoingia kupitia kioo. Vikizibwa na matope maji yanakaa ndani ya mlango, na kutu inaanza ndani kuja nje. Siku utakayoona rangi imevimba, bati limeshaliwa. Zibua kwa njiti ya meno, usitumie msumari.

Injini usiipige presha mwenyewe. Ina koili, soketi na altaneta zisizotaka maji, na gari likigoma kuwaka hapo nyumbani utaita fundi wa umeme. Brashi laini na kitambaa chenye unyevu mara mbili kwa mwaka vinatosha.

Ndani ya gari toa mati kila wiki uzikung'ute na kuzianika, hasa kipindi cha mvua. Harufu ya uvundo wanayoifukuza watu kwa manukato mara nyingi inatoka kwenye kapeti iliyolowa chini ya mati. Magari mengi ya Toyota yana chujio la hewa ya AC nyuma ya droo ya mbele ya abiria. Wengi hawajawahi kulifungua tangu gari lishuke bandarini. Lifungue mwezi huu. Tuliwahi kutoa moja lililokuwa na majani makavu na manyoya ya ndege, na mwenye gari, dada mwenye mtoto mdogo, alikaa kimya akilitazama kwa muda mrefu.

Yule mzee gari lake tulilipiga polishi nyepesi, tukapaka nta, tukamrudishia. Kisha kijana wake akaja Jumamosi, tukamwonyesha ndoo mbili kwenye gari lenyewe, kwa mkono wake. Hatukumtoza chochote. Ukiwa na kijana anayekuoshea nyumbani, mlete naye Jumamosi asubuhi kabla ya saa 3, ni kazi ya nusu saa. Aje na kitambaa anachokitumia, tukiangalie pamoja.