Kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda Uyole

Mugonile, wanangu.

Juzi nilikaa kwenye benchi lenu nikisubiri mvua ikatike, mkawa mnamcheka mwenzenu aliyeletewa wito wa matunzo ya mtoto. "Kapelekwa ustawi!" Yeye akaukunja mara nne, akausokomeza chini ya kiti cha pikipiki. Nilikuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo, naijua karatasi ya namna hiyo: haitoki tena mpaka polisi waje. Waliokuwa wanatuchosha hawakuwa wale wasio na hela. Ni wale wasioonekana.

Mnadhani hakimu anataja tu kiasi, ulipe ufe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haisemi hivyo. Mahakama hupima kipato cha wazazi wote wawili, kilichokupunguzia uwezo wa kutafuta, watoto wengine wanaokutegemea, na gharama za maisha pale mtoto anapokaa. Afisa ustawi wa jamii huandika taarifa ya hali yenu. Hata amri ikishatoka, mambo yakiharibika unarudi kuomba ibadilishwe. Sasa nani atamwambia hakimu kwamba pikipiki ni ya mkataba, kwamba bosi anataka hesabu yake kila jioni hata ukipasua tairi, ikiwa wewe umejichimbia Igawilo?

Nanyi mnaosema "mtoto si wangu", mahali pa kulisemea hilo ni palepale. Kipimo cha vinasaba mahakama inaweza kukiagiza. Kijiweni hakipimwi.

Marekani nako kuna waliofungwa kwa deni hili la matunzo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya huko, katika kesi ya Turner na Rogers, ilisema haikuwa haki kumfunga baba mmoja wa South Carolina miezi 12 bila kwanza kuamua kama uwezo wa kulipa alikuwa nao. Jimbo la Georgia lina mahakama zinazomshika mkono mzazi aliyekwama: anasaidiwa kupata kazi, kuacha ulevi, hata kumalizia shule, badala ya jela. Natamani tungekuwa nazo hapa Mbeya. Aliye mahabusu hapeleki hata kilo ya unga.

Kwa sasa tuna ofisi ya ustawi na daftari la hesabu. Lileteni, hata kama lina madoa ya oili. Ukimpelekea mama mtoto hela kwa simu, usifute ule ujumbe.

Wito wa mwenzenu ni Jumatatu. Nitakuwa hapo kijiweni saa moja na nusu, twende naye. Mmoja wenu atubebe, nauli nalipa mimi.