Risala ya Kikundi cha Maigizo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Tamthilia Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha katika maadhimisho haya ya tarehe 27 Machi. Mwaka huu kikundi chetu kimechambua kazi za Judi Dench, mwigizaji wa Uingereza. Dunia kubwa ilimfahamu mwaka 1995, alipoanza kucheza M, bosi wa jasusi James Bond katika filamu, akiwa na miaka 60. Nyuma yake palikuwa na miaka 38 ya jukwaa, na hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia.

Alizaliwa York tarehe 9 Desemba 1934. Baba yake alikuwa daktari wa waigizaji wa Theatre Royal ya mji huo, na mama yake alishughulikia mavazi hapo hapo. Mwenyewe alitaka kwanza kuwa mbunifu wa mandhari ya jukwaa, kisha akajiunga na chuo cha Central School of Speech and Drama, London. Septemba 1957 kampuni ya maigizo ya Old Vic, London, ilimpa nafasi ya Ophelia katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Wahakiki walimponda, na kampuni ilipokwenda Marekani nafasi hiyo akapewa mwingine. Hakuondoka. Alibaki Old Vic hadi 1961, akipokea hata sehemu ndogo, ndipo akahamia Royal Shakespeare Company, kampuni inayoigiza hasa kazi za Shakespeare.

Mgeni Rasmi, huko alikutana na Peter Hall na John Barton, waongozaji waliokuwa wakali kuhusu usemaji wa ushairi jukwaani. Mstari wa kawaida wa Shakespeare una silabi 10 na mapigo 5, na pumzi huvutwa mwishoni mwa mstari. Anayeivuta katikati hukata maana, kisha huishiwa kabla ya neno la mwisho, ambalo mara nyingi ndilo lenye uzito. Aliyekaa safu ya nyuma hupata nusu ya sentensi. Kwa anayeghani mashairi yetu ya mizani 16 jambo hili si geni: kituo ni baada ya mizani ya 8, si popote pale. Zoezi la kujifunza pumzi hiyo ni jepesi. Soma mstari mzima kwa pumzi moja kwa sauti ya mazungumzo. Rudia ukigonga mapigo kwa kidole. Mara ya tatu acha kugonga, ubakize maana. Wanaoruka hatua ya tatu huishia kuimba maneno wasiyoyaelewa, na hilo ndilo kosa tunalolisikia zaidi kwenye mashindano ya shule.

Mwaka 1963 alizunguka Ghana, Nigeria na Sierra Leone na kampuni ya Nottingham Playhouse, akicheza Lady Macbeth katika Macbeth ya Shakespeare. Mwaka 1976 aliirudia nafasi hiyo Stratford, Uingereza, pamoja na mwigizaji Ian McKellen, chini ya mwongozaji Trevor Nunn. Safari hii ukumbi ulikuwa kibanda cha mabati kiitwacho The Other Place. Duara lilichorwa sakafuni, waigizaji wasio na zamu wakakaa kwenye masanduku kulizunguka, na hapakuwa na mapumziko. Hadhira ilikuwa karibu kiasi cha kusikia mnong'ono. Kwa maoni yetu, mwigizaji aliyefanya kazi mahali kama pale haiogopi kamera, kwani ameshajifunza kupunguza sauti bila kupunguza nguvu. Ndiyo maana dakika zisizofika 10 katika filamu ya Shakespeare in Love, akiwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, zilitosha kumpatia Oscar mwaka 1999.

Mwaka 2012 alieleza kwamba macho yake yana maradhi yanayoharibu uoni wa katikati. Akawa anasomewa maneno yake hadi ayashike. Hata hivyo mwaka 2015 alipanda jukwaani London kucheza Paulina katika The Winter's Tale ya Shakespeare, akashinda Olivier, tuzo ya maigizo ya jukwaani ya Uingereza. Kwa wenzetu wenye uoni hafifu njia hii inafaa sana, ila msomaji asome bila hisia, la sivyo mwigizaji hunakili mahadhi ya msomaji.

Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza ni nakala 15 za Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. Dench alicheza Portia, mhusika wa tamthilia hiyo, mwaka 1971, nasi tungependa kuisema kwa Kiswahili. Kwa sasa wanafunzi watano wanachungulia nakala moja, hivyo hakuna anayeweza kuinua uso.

La pili ni mapazia mazito ya ukuta wa nyuma wa bwalo hili. Kuta tupu na paa la bati hurudisha mwangwi unaomeza silabi za mwisho. Kipaza sauti hakisaidii, kwa sababu hukuza mwangwi pamoja na sauti.

Tunaomba kuwasilisha.